Shajara ya mradi: kidahizo cha "set"

Jumatatu

Mradi wetu ni kamusi ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili. Maneno ni machache, yote ya kila siku, lakini kila moja lipewe nafasi ya kutosha. Katika mgao nimeangukiwa na "set". Mwenzangu aliyepata "umbrella" amekwisha maliza, na amepita mezani kwangu kunipa pole.

Pole yake ina msingi. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989 lenye majuzuu 20, ilitumia maneno yapatayo 60,000 kukieleza kitenzi hiki, ikakigawanya katika maana zaidi ya 430. Wakati huo hapakuwa na kidahizo, yaani neno la kamusi pamoja na maelezo yake, kirefu kuliko hicho. Baadaye wahariri wakaanza kuipitia kamusi nzima upya na ubingwa ukahama: "make" mwaka 2000, "put" mwaka 2007, kisha "run" mwaka 2011, ambalo kitenzi chake pekee kina maana 645. Zamani zaidi, katika kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, aliyetia fora alikuwa "take" mwenye maana 134.

Wanaoshindania ubingwa huu wote ni maneno mafupi, ya silabi moja, yasiyo na asili ya Kilatini. Ni maneno ya watu waliokuwa wakilima, wakivua na kupika kabla lugha ya shule haijawafikia. Mwaka 1945 mwanaisimu George Kingsley Zipf alionyesha kwamba neno likitumika mara nyingi zaidi, maana zake nazo huwa nyingi zaidi. "Umbrella" hutoka mvua ikinyesha. "Set" liko kazini saa zote.

Anayedhani huu ni ukorofi wa Waingereza peke yao ajaribu kumweleza mgeni "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, picha, magoti, hodi, miayo, mbizi na hatua, na katika orodha nzima hakuna aliyeumizwa.

Jumanne

Siku ya kuchambua sentensi. Nimechukua mifano kutoka kwenye kongoo, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini unaosomwa na kompyuta, nikitaka kwanza kutenga vitenzi na nomino, halafu wakati uliopo na uliopita.

Kompyuta inasaidia kidogo tu. "Set" halibadiliki: wakati uliopo "set", uliopita "set", timilifu "set", nomino "set", kivumishi "set". Liko kundi moja na "put", "cut", "hit" na "shut". Mtu akiandika "they set the table", sentensi yenyewe haisemi kama ni jambo la jana au la kila siku. Ni pale tu mtendaji anapokuwa nafsi ya tatu umoja ndipo "-s" inatoa siri, maana "he set" ni ya jana na "he sets" ni ya kawaida. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya kutosha, "settan" kutenda na "sette" alitenda, lakini miisho hiyo ilipukutika karne kwa karne hadi maumbo yote yakafanana. Sisi wenye "naweka, niliweka, nimeweka, ningeweka" tunapata taabu kuamini kwamba lugha inaweza kuishi hivyo.

Uamuzi: kila mfano utakaoingia kwenye kamusi uwe na kitu kinachoonyesha wakati. Mifano isiyo na dalili hiyo naitupa, hata iwe mizuri namna gani.

Alhamisi

Leo nimefuata asili ya neno, na hapa ndipo kazi ilipoanza kunoga.

"Set" kitenzi ni kauli ya kutendesha ya "sit". Kilichofanya kazi ni irabu ya ndani: mtu anakaa, "sit", unamfanya akae, "set". Kiingereza kina mabaki mengine ya mtindo huo: "lie" ni kulala na "lay" ni kulaza, "fall" ni kuanguka na "fell" ni kuangusha mti, "rise" ni kuinuka na "raise" ni kuinua. Mwingereza wa leo hujifunza jozi hizi kwa kukariri na wengi huzichanganya. Msomaji wa Kiswahili anazo tayari mdomoni, kwa sababu kaa na kalisha, lala na laza, ni mchezo huohuo unaochezwa mwishoni mwa neno badala ya katikati. Nimeamua kidahizo kifunguliwe na "kalisha", ingawa hakuna atakayelitumia kutafsiri sentensi hata moja, kwa sababu ukilishika hilo sehemu kubwa ya maana inajipanga yenyewe. Kito kinakalishwa kwenye pete. Mfupa uliovunjika unakalishwa mahali pake. Mtego unakalishwa njiani. Bei inakalishwa kwenye kiwango.

Nomino ina habari nyingine. "Set" ya vikombe, ya funguo za fundi au ya namba haikuzaliwa na kitenzi hicho. Ilitoka Kifaransa cha kale, "sette", ambayo nayo ni Kilatini "secta", kundi la wafuasi. Ni nduguye "sect", dhehebu. Neno la wafuasi lilikutana na neno la kukalisha, yakafanana kwa sauti, na watu wakayachukulia kuwa moja. Mnamo 1897 mwanaisimu Mfaransa Michel Bréal alileta istilahi ya polisemia kwa hali ya neno moja kubeba maana nyingi. Maneno mawili tofauti yanayofanana kwa umbo ni homonimu. "Set" limekaa mpakani: kwa historia ni homonimu, kwa hisia za msemaji ni polisemia, kwani vitu vya seti moja huonekana kama vimewekwa pamoja na mtu.

Kuna waliotaka vidahizo viwili vyenye namba ndogo juu, kama kamusi za kitaalamu zinavyofanya. Nimekataa. Msomaji anayetafuta neno hajui lilitoka Kifaransa. Akijua, asingehitaji kamusi yetu. Ukurasa utakuwa mmoja, kitenzi juu na nomino chini, na asili zitatajwa kwa sentensi moja kila upande.

Dokezo kuhusu hesabu. Georg Cantor, ambaye makala yake ya 1874 ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa nadharia ya seti, aliandika Kijerumani na neno lake likaja kuwa "Menge", wingi au umati. Waingereza walitumia pia "aggregate" kabla "set" halijashinda. Kiswahili kikapokea kutoka kwa mshindi: seti, seti tupu, seti ndogo. Lau lingeshinda lile jingine, huenda wanafunzi wetu wangekuwa wanachora duara za "mkusanyo".

Ijumaa

Kitenzi chenye yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Siku ndefu.

Kamusi nyingi za lugha mbili huanza na "weka", kisha koma, kisha msururu wa vitenzi vingine bila kusema kipi ni cha nini. Msomaji huchukua cha kwanza, na cha kwanza humwangusha. "Weka" linafaa kwa chombo juu ya meza na kwa rekodi ya mbio. Linavumilika kwa mtego. Kwa mfupa halifai kabisa. "Daktari aliuweka mfupa" inanifanya niulize aliuweka wapi, kabatini?

Kwa hiyo nimepanga kwa kuangalia kile kinachofanywa "set", si kwa namba za maana. Mtego unategwa. Meza inaandaliwa au kutandikwa. Mfupa unaungwa. Mtihani unatungwa. Bei na tarehe zinapangwa, ingawa kwa tarehe "teuliwa" nalo limo kwa maandishi rasmi. Nyumba inatiwa moto. Mfungwa anaachwa huru. Kito kinapachikwa. Saa iliyopoteza majira inarekebishwa, ila ile ya kuamsha inategeshwa. Shairi linatiwa muziki. Hadithi, ambayo kwa Kiingereza huwa "set" mahali fulani, kwetu inatokea tu mahali hapo, na ukisema "hadithi imewekwa" msomaji atafikiri ni rafu ya maktaba.

Mwanaisimu J. R. Firth aliwahi kusema, katika miaka ya 1950, kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakaifanya rai hiyo kuwa kamusi nzima mwaka 1987, kwa kutumia kongoo, na maelezo yao yaliandikwa kwa sentensi kamili: mtu "akiset" kitu fulani, anafanya hivi. Mtindo huo ninauiga bila aibu. Maelezo yetu yote yanaanza na "Ukifanya hivi kwa mtego..." au "Jua linapofanya hivi...", na kitu chenyewe kimo ndani ya sentensi.

Kilichonichelewesha ni vitenzi vyetu wenyewe. Nilipofika kwenye "tega" niliona nalo halitulii. Tunatega mtego, lakini pia sikio, na kitendawili, na mgongo kwa mzigo. "Set" linashika mtego na saa ya kuamsha, halafu linaishia hapo. Masikio ya Kiingereza hayategwi kwa neno hilo. "Tunga" ndiyo kabisa: mtihani, sheria, shairi, shanga kwenye uzi, samaki kwenye ugwe, mimba, usaha. Katika hizo zote "set" lina mtihani tu bila wasiwasi. Maneno mawili ya lugha mbili hugusana sehemu ndogo, kila moja likaenda na njia zake, na kamusi inayoandika "set: tega" bila kutaja mtego inamwachia msomaji haki ya kutega sikio kwa Kiingereza.

Mhariri wetu amesoma rasimu ya jioni. "Kaka, hii si kamusi tena, ni orodha ya vitu," ameandika pembeni. Nimemjibu: "Dada, ndivyo hasa nilivyokusudia." Hajajibu, nachukulia kuwa ni ruhusa.

Jumatatu

Kitenzi kisicho na yambwa. Hapa hakuna anayekalisha. Kitu chenyewe kinakaa.

Jua ni la kwanza. Kiingereza cha kale kiliita machweo "setlgang", mwendo wa kwenda kitini, kana kwamba jua ni mzee aliyechoka kusimama. Kiswahili kinasema jua linatua, na kutua ni kazi ya ndege, ya mpagazi anayeshusha mzigo, ya msafiri anayepumzika. Wazo ni jirani mno na la Waingereza wale, bila yeyote kumwiga mwenzake. Tunayo pia "zama", na "chwa" ambalo vijana wanalisahau ingawa kila siku wanasema "mchana kutwa". Nimeweka yote matatu, "tua" mbele.

Kisha saruji. Nilikuwa na rasimu ya zamani ya mradi iliyoandika "kauka", na hiyo nimeifuta. Saruji haikauki ili iwe ngumu. Inaungana na maji kikemikali na kuwa kitu kingine, na ndiyo maana zege huwa gumu hata likimwagwa chini ya maji. Zege likinyang'anywa maji mapema huwa dhaifu, hivyo mafundi hulimwagilia siku za mwanzo. Mafundi wenyewe husema zege "limeshika", na neno lao ni sahihi kuliko la rasimu. Kwa jeli na mafuta nimeandika "ganda". Gundi nayo inashika.

Kiingereza hakitofautishi haya. Jua, zege na jeli vyote vinafanya kitendo kimoja kwa jina. Ukirudi kwenye "kalisha" unaona sababu: kila kimoja kilikuwa kikienda au kikitikisika, sasa kimetulia.

Jumatano

Visawe. Sehemu niliyotarajia iwe nyepesi.

Peter Mark Roget, daktari, alianza orodha yake ya maneno ya maana zinazokaribiana mwaka 1805 na kuichapisha 1852, chini ya vichwa 1,000 vya mawazo. Hakufafanua maneno, aliyapanga tu jirani kwa jirani na kumwachia mwandishi achague. Ni kitabu kwa anayekijua Kiingereza tayari na amesahau neno. Kwa anayejifunza ni kama kupewa shada la funguo bila kuonyeshwa milango.

Mwaka 1985 George Miller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Princeton walianzisha WordNet, hazina ya maneno ya Kiingereza kwenye kompyuta, ambapo visawe havifungwi kwenye neno bali kwenye maana, na neno moja linaweza kuwa mwanachama wa vikundi vingi. Huo ndio mpango ninaoukubali. "Set" halina kisawe. Maana fulani ya "set", pamoja na yambwa fulani, ndiyo yenye kisawe. Kinachochekesha ni kwamba kitenzi hiki, ambacho Oxford ilikipasua zaidi ya mara 430, WordNet inakipa maana 25 tu. Neno ni lilelile. Aliyebadilika ni mwenye kisu. Mwaka 1997 Adam Kilgarriff, mtaalamu wa kongoo, alikwenda mbali zaidi na kuhoji kama hizo maana zenye namba zipo kweli nje ya kazi ambayo mtu anataka kuifanya nazo. Mimi siendi naye mpaka mwisho, lakini namba nimeziondoa kwenye ukurasa wetu.

Jaribio ninalotumia ni la kubadilishana: toa "set", ingiza kisawe, uone kama sentensi imebaki ilivyokuwa.

Kwa meza, "lay" linapita. "Put" halipiti, maana "put the table" ni kuhamisha samani na inadai useme wapi.

Kwa bei, "fix" linapita kisarufi na kuharibu maana. "Set prices" ni kazi ya kawaida ya kila mwenye biashara. "Fix prices" inanuka njama, washindani wamekaa chumbani wakakubaliana wasishindane, jambo ambalo sheria za nchi nyingi zinalikataza. Kwa tarehe "fix" na "set" hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa mfupa "fix" ni kuutengeneza tu, namna ya mtu asiye daktari. Kisawe kimoja, tabia tatu.

Kwa jeli, "harden" haipiti. Mkate uliosahaulika unakuwa mgumu, "harden", lakini hau-"set". Jeli ina-"set" na inabaki laini. Damu na mafuta yana "congeal", na neno hilo lina kinyaa kidogo, hivyo usiliweke kwenye mapishi.

Nomino imenipa kitu kizuri zaidi. Visawe vinavyotajwa ni "group", "collection", "series", "kit". Tofauti inaonekana kitu kimoja kinapopotea. Seti ya spana ikipungukiwa na moja, haijakamilika, na kila mtu anajua ni ipi iliyopotea. Kundi la watu akiondoka mmoja ni kundi vilevile. Mkusanyo wa stempu haujawahi kukamilika na mwenyewe hataki ukamilike. Kwa hiyo "set" ya vitu inabeba ahadi ya utimilifu ambayo "kundi" halina, na nimeandika wazi kwamba "kundi" lisitumike kwa vyombo. "Seti" limeshaingia Kiswahili, litumike. Viwili vikiwa mapacha, kama viatu, ni jozi.

Tenisi nimeimaliza kwa mstari mmoja: seti, anayefikisha michezo sita akiwa mbele kwa miwili.

Ijumaa

Vijineno vinavyofuata kitenzi. Nilitaka viwe vidahizo vyao wenyewe na mhariri amekubali, isipokuwa vile vinavyoeleweka vyenyewe.

"Set off" imekaa na mambo matatu yasiyojuana: kufunga safari, kulipua bomu, kuliza king'ora. "Set aside" ni kutenga. "Set in" ni ya mvua, baridi na uozo: mvua imeshika, na haina dalili ya kuacha. "Set up" ndiyo ya hatari, kwa sababu ni kusimika mtambo, ni kuanzisha kampuni, na pia ni kumtegea mtu ili aonekane na hatia. Gazeti likiandika kwamba fulani alikuwa "set up", msomaji asiyejua hiyo ya tatu atadhani amefunguliwa biashara.

Kivumishi nimekipitia haraka. "Tayari" kwa aliye tayari, "maalumu" kwa chakula kisichochaguliwa, na kwa mtu mwenye mazoea yasiyogeuka nimeandika hivyohivyo kwa maneno marefu. "Mindset" nimelikataa, lina ukurasa wake.

Jumatatu

Faili limerudi na swali moja tu: kuku yuko wapi?

Kweli, kuku anayeatamia wengine humwita "setting hen" na wengine "sitting hen", na wote wana hoja. Anakaa, hivyo "sit" linatosha. Lakini pia hukalishwa na mfugaji juu ya mayai, na hapo "set" lina haki. Mtendaji na mtendwa wamekutana juu ya kiota kimoja na irabu ikashindwa kuwaamua. Nimeweka maumbo yote mawili chini ya jua na zege, tafsiri "atamia", na mhariri ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba jogoo haruhusiwi kwenye mfano.